Barua iliyompatia mzee wa karisi ruhusa ya kuimba mjini Goma

Mwaka 2024 nilikuwa nafuatilia haki za wakimbizi wa ndani hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Kati ya familia za Wanyanga waliokimbia Walikale kulikuwa na mzee mjuzi wa karisi, utenzi mrefu wa mashujaa wao. Mzee huimba, husimulia na kucheza kwa wakati mmoja, kibuyu chenye mbegu kikilia mkononi, vijana wakipiga vijiti juu ya kigogo kikavu na kuitikia. Katika kuitikia huko ndimo kijana anamojifunza. Pasipo mkusanyiko, hakuna mwanafunzi.

Mkusanyiko ndio uliokataliwa. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini ilikuwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, na shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, aliogopa watu kukutana.

"Mama, hii ni vita. Mambo ya ngoma tutayaona amani ikirudi."

"Shefu, amani ikirudi, mzee huyu atakuwa wapi?"

Nikamwandikia barua. Mkataba wa The Hague wa 1954 sikuutaja: wakati wa vita unalinda majengo, makumbusho, vitabu, na karisi imo kifuani mwa mtu. Nilishika haki ya huyo mtu. Kifungu cha 15 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, kinampa kila mtu haki ya kushiriki maisha ya utamaduni. Kifungu cha 17 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu kinasema hivyohivyo. Kisha nikaweka hoja niliyoitegemea zaidi: mwaka 1995, katika shauri la Chad, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Mkataba huo wa Afrika hauiruhusu serikali kuweka kando wajibu wake wakati wa dharura, na hata vita vya wenyewe kwa wenyewe si udhuru. Hapo shefu alirudia kusoma.

Alikubali, ila akadai majina ya wote watakaohudhuria. Nilikataa katakata. Orodha ya watu wa kabila moja, katika mji ulio vitani, inaweza kuua. Tukaafikiana: majina ya wasimamizi wawili tu, na watu watawanyike kabla ya giza.

Baadaye akina mama wa Kihunde kutoka Masisi waliniomba barua kama hiyo, wapate kuwafundisha binti zao nyimbo za harusi. Nilibadilisha jina la desturi. Vifungu vilibaki vilevile.