Siku Moja Maishani Mwangu: Ninasomea Usanifu wa Michoro

Saa kumi na mbili asubuhi nashika penseli. Kompyuta bado. Wengi hudhani kazi yetu ni kupamba, kumbe huanza na vichoro vidogo vya haraka, vyote vikitafuta jibu la swali moja: mpita njia aone nini kwanza? Leo ni bango la kuhamasisha watu kuchangia damu.

Saa mbili, darasani. Mhadhiri anatuwekea ramani ya treni za chini ya ardhi za London, aliyoichora Harry Beck mwaka 1931. Beck aliacha umbali halisi, akanyoosha njia zote zikawa za wima, za mlalo au za mshazari. Wakubwa waliikataa mwanzoni. Ilipotolewa mwaka 1933, abiria waliipokea kwa mikono miwili. Abiria hana haja na kila kona ya reli. Anataka kujua ashuke wapi na abadilishe treni wapi. Mimi nimejifunzia hapo: kinachobaki kwenye karatasi kibaki kwa ajili ya anayesoma.

Asubuhi yote inaishia kwenye gridi, mistari ya kupangia ukurasa, na fonti, maumbo ya herufi.

Saa nane anafika mteja wa bango langu, mwenyekiti wa kamati ya uchangiaji damu. Anaweka kidole katikati ya bango. “Mwanangu, hapa pamebaki wazi. Jaza.” Anataka picha za viongozi, kaulimbiu tatu, nembo za wafadhili wote, na herufi nyekundu juu ya bluu. Namweleza kwamba rangi hizo mbili zikikutana macho huchoka, maneno yakaonekana kama yanatetemeka. “Lakini zinavutia,” anasema. Namweleza kuwa pale wazi ndipo panapoifanya tarehe ionekane. Anasema amelipia karatasi nzima. Tunarudia hayo mpaka koo linanikauka. Mwishowe nachapa matoleo yote mawili, lake na langu, nabandika mwisho wa korido. “Mzee wangu, tusimame huku. Nisomee tarehe.” Kwenye langu anaisoma papo hapo. Kwenye lake anasogea, anasogea tena. Picha anakubali ziondoke. Nembo, hapana, zikuzwe.

Baada ya hapo saa sizifuatilii tena. Mgongo unauma. Nyekundu inayong'aa kwenye skrini inafifia nikiigeuza kuwa rangi za uchapaji, kwa kuwa skrini huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino, na wino hauna mng'ao ule. Naitafuta upya, nachapa kipande, nalinganisha, narudia. Naongeza rangi milimita 3 nje ya kila upande ili kisu cha kukatia karatasi kisiache ukingo mweupe. Nasoma kila neno, tarehe naikagua tena na tena, maana ikikosewa watu watafika siku ambayo hakuna wa kuwapokea.

Usiku umekwenda sana ninapotuma faili kwa mchapaji. Nembo nimezikuza kidogo. Pale wazi sikupagusa.