Kuipa amplifaya ya zamani tundu la sabufa

Amplifaya ninayosikilizia muziki nyumbani niliachiwa na mjomba wangu. Ni ya miaka ya 1980, yenye wati 30 kwa kila upande, na nyuma yake haina tundu lolote la kupelekea sauti kwenye sabufa. Spika zangu ni ndogo, za inchi 5, nazo huanza kunyamaza chini ya hezi 70 hivi (mitikisiko 70 kwa sekunde), ilhali waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41. Kwa mpenzi wa rumba na muziki wa dansi, ambamo besi ndiyo inayotembeza wimbo, hilo ni pengo kubwa. Kwa sabufa simaanishi seti nzima ya boksi na vispika vyake, kama tulivyozoea kuiita hapa Dar es Salaam, bali spika moja ya besi yenye amplifaya yake ndani.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuchomeka sabufa kwenye matundu ya kurekodia kaseti. Besi ilitoka, lakini ilibaki na nguvu ileile hata nilipopunguza sauti, kwa sababu matundu hayo huchukua mawimbi kabla hayajafika kwenye voliumu. Hapo nikaelewa kwamba mahali panapofaa ni mguu wa kati wa voliumu, ambako sauti hutoka ikiwa imekwisha kupimwa na mkono wa msikilizaji.

Kosa la pili lilinifundisha zaidi. Nilizivuta nyaya mbili kutoka miguu ya kati, ya kushoto na ya kulia, nikaziunganisha pamoja ili zilishe jeki moja. Papo hapo spika zote mbili zikaanza kupiga kitu kimoja, kwa kuwa muungano ule ulichanganya pande mbili hata kwa amplifaya yenyewe. Kuweka rezista, yaani kipande cha kukinza umeme, katikati hupunguza tatizo bila kuliondoa, maana voliumu ya kilo-omu 50 ikiwa nusu huwa na ukinzani wa takriban kilo-omu 12.5 upande wa kutolea, na chochote kinachoning'inizwa hapo huiathiri sauti ya spika zenyewe.

Dawa yake ni aisi (kipande chenye saketi nzima ndani) ndogo ya TL072, ambayo ina vikuzaji viwili na hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya spea za redio Kariakoo. Kila upande wa voliumu unaingia kwenye kikuzaji chake kisichoongeza wala kupunguza chochote, kazi yake ikiwa ni kusoma mawimbi bila kuyavuta. Kila kikuzaji kinatoa sauti kupitia rezista ya kilo-omu 2.2, na rezista hizo mbili ndizo zinazokutana kwenye jeki ya sabufa. Niliongeza rezista ya mega-omu 1 kutoka kila mlango wa kuingilia hadi ethi, yaani waya wa pamoja wa volti sifuri, ili aisi isibaki hewani endapo mguu wa voliumu utapoteza mguso, jambo la kawaida kwa voliumu kuukuu. Kichujio cha kuzuia sauti za juu zisiingie kwenye sabufa sikukijenga, kwa sababu sabufa yangu inacho chake.

Umeme wa aisi niliuchukua kwenye kapasita kubwa za amplifaya, ambako kuna volti 28 chanya na 28 hasi, nikaushusha hadi 15 kwa zena (diodi inayoshikilia volti zisipande) na rezista ya kilo-omu 1 ya nusu wati kila upande. Kapasita hizo hushikilia chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Pima kwa mita kila mara kabla ya kuingiza mkono. Siku ya kuwasha, niliunganisha balbu ya wati 60 kwa mfululizo na amplifaya, ili izuie umeme mwingi endapo nimekosea mahali, nikasubiri iwake kidogo kisha ififie.

Kilichonisumbua mwishoni ni mvumo wa hezi 50, ambao spika ndogo huuficha na sabufa huutangaza nyumba nzima. Uliisha nilipoileta ethi ya aisi hadi mguu wa ethi wa voliumu badala ya kuifunga kwenye chasi karibu na jeki, na nilipochomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja. Kukata pini ya ethi ya plagi, kama wengine wanavyoshauri, ni kuhatarisha uhai wa mtu.

Wapo wanaopendelea kuchukua sauti kwenye vituo vya spika kwa kupitia rezista. Njia hiyo inafanya kazi kwenye amplifaya kama yangu, lakini kwenye zile za aisi kama TDA7297 waya hasi wa spika si ethi bali nao hubeba sauti, na kuuunganisha na ethi ya sabufa kunaweza kuiua aisi.

Kikomo cha juu cha sauti ambazo sabufa hupiga nimekiweka kwenye hezi 80. Swichi ya awamu, inayogeuza mwelekeo wa mtikisiko wa sabufa ili uende pamoja na wa spika, niliigeuza huku na huku nikiwa nimeketi kwenye kiti ninachosikilizia, nikaiacha upande ambao besi ilisikika nene zaidi.