Kugeuza bwawa la vinili kuwa la zege na plasta

Karatasi ya vinili, yaani plastiki iliyotandikwa ndani ya bwawa, ikishachanika mara ya pili au ya tatu, mwenye bwawa la kuogelea huuliza: fundi hawezi kuibandua, akapiga plasta kwenye ukuta uliopo, mambo yakaisha? Hawezi. Nyuma ya vinili kuna mabati, au mawe ya machimbo yaliyojengwa bila vyuma, na sakafu ni mchanga uliotiwa simiti kidogo. Kilichozuia maji miaka yote ni ile karatasi isiyofika hata milimita moja. Udongo ukilowa na kukauka, ukuta huo husogea. Vinili hunyumbuka, plasta hupasuka. Kazi yenyewe, basi, ni kujenga bwawa jipya la zege ndani ya lile la zamani.

Tuchukue bwawa la mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.4. Kuta na sakafu ni kama mita za mraba 92.

Hasara kubwa hutokea wakati wa kutoa maji. Maji ya ndani ndiyo yanayosukumana na udongo wa nje. Yatoe yote kwa siku moja katikati ya masika, mabati yatalala ndani. Kisumu, upande wa Dunga na Nyalenda, maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo ngoja Januari au Februari. Chimba shimo pembeni lipite kina cha sakafu, uweke pampu humo, na ukingie kuta kwa mbao kabla ya kutoa nusu ya mwisho. Kwenye udongo mweusi wa Kano, nyanda za karibu na Kisumu, sakafu mpya isikae juu ya udongo huo hata kidogo: utolewe, uwekwe murramu iliyoshindiliwa, kwa kina atakachoamua mhandisi aliyesajiliwa.

Skima (tundu la ukutani linalovuta uchafu wa juu ya maji), taa na midomo ya kurudishia maji ya bwawa la vinili hubanwa kwa gasketi na skrubu, na havishikani na zege. Nunua vya zege. Mabomba yapimwe kwa presha, na presha iachwe humo wakati wa kumwaga zege, ili likitobolewa moja geji iseme papo hapo.

Vunja sakafu yote na uchimbe sentimita 30: kumi za kokoto, tano za zege jembamba la kusawazisha, kumi na tano za sakafu yenyewe. Matundu ya kutolea maji yawe mawili, yaachane angalau sentimita 90, ili moja likizibwa na mwili wa mtu lingine livute. Kwenye kisima cha tundu weka vali ya kupunguza shinikizo la maji ya chini. Bila vali hiyo, bwawa tupu la zege linaweza kuinuka kutoka ardhini.

Vyuma ni Y10 (nondo za milimita 10) kila sentimita 20, safu moja, kwa urefu na kwa upana. Pamoja na mapishano na mkanda wa juu, agiza vipande 100 vya mita 12. Vya ukutani vipindwe viingie sakafuni sentimita 60. Pembe hiyo ndiyo inayobeba nguvu yote ya ukuta, na ndiyo mafundi hupenda kuikatia njia. Biskuti za zege za milimita 50, za kutenga vyuma na udongo, zikae kila mahali. Chuma kikigusa udongo kitashika kutu na kupasua zege.

Mabati ya zamani yanabaki kuwa ukingo wa nje, kwa hiyo mbao unahitaji upande wa ndani tu. Sakafu ya sentimita 15 na kuta za 20 zinakula mita za ujazo 17 hivi. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (simiti, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 136 ya simiti ya kilo 50. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, hata kama vibarua watalalamika kwamba zege ni gumu kumwaga. Ndiyo maana kuna vaibreta, mashine ya kutikisa zege. Sakafu imwagwe pamoja na kisigino cha ukuta cha sentimita 10. Kesho yake piga kisigino hicho kwa brashi ya waya mpaka kokoto zionekane, ubandike utepe wa kuzuia maji, ndipo ufunge mbao. Mabwawa mengi ya zege yanayovuja huvujia kwenye kiungo hiki.

Funika zege kwa magunia na uyamwagilie siku 7. Kisha jaza maji, weka ndoo iliyojaa kwenye ngazi, ulinganishe. Bwawa likishuka kuliko ndoo, plasta isiguswe kwanza. Zege lifikishe siku 28 kabla ya plasta.

Plasta ni simiti nyeupe na unga wa marumaru, 1 kwa 1.5 kwa uzito, unene wa milimita 12: takriban kilo 800 na kilo 1,200. Bwawa zima lipigwe siku moja. Kujaza kuanze ndani ya saa 24 na kusisimame, la sivyo utabaki na mstari usiofutika. Nakuru, ambako maji ya mfereji huja kwa zamu, hakikisha kwanza una lita 62,000, yaani maboza saba ya lita 10,000. Mdomo wa mpira wa maji ufungwe kitambaa.

Sugua kwa brashi mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, na upime pH (kipimo cha uasidi wa maji) kila siku, kwa sababu plasta mpya huipandisha. Ilenge kati ya 7.2 na 7.6 kwa asidi kidogo kidogo.

Jambo ambalo waliozoea vinili hawalijui ni kalsiamu. Maji ya Ziwa Viktoria, na ya visima vingi vya Bonde la Ufa, yana kalsiamu kidogo. Vinili haikujali. Plasta itajali: maji hayo huinyonya kalsiamu yake, na uso unakwaruza kama msasa. Pima ugumu wa maji. Ukiwa miligramu 50 kwa lita, upandishe hadi 200 kwa kilo 14 hivi za kloridi ya kalsiamu ya asilimia 77, kwa mafungu ya siku kadhaa. Mimina kemikali ndani ya ndoo ya maji, kamwe si maji juu ya kemikali, kwa maana huchemka.