Uoni hafifu: dawati la mbele pekee halitoshi

Wazazi wenzangu wa Nyamagana na Ilemela hapa Mwanza, msikimbilie miwani ya mtaani. Mtoto mwenye ualbino, au yeyote anayesoma daftari likiwa puani, apimwe kwanza kliniki ya macho, hospitali ya Bugando au Sekou Toure. Huenda ana uoni hafifu, yaani haoni vizuri hata akivaa miwani. Miwani husaidia ila mara nyingi haimalizi tatizo, kwa hiyo ombeni ripoti ya maandishi. Nakala moja kwa mwalimu mkuu, nyingine kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, ya tatu ibaki nyumbani. Si lazima aende bweni shule ya Mitindo kule Misungwi, inayopokea watoto wenye ulemavu wa macho. Shule ya jirani ikijipanga, inatosha.

Kujipanga kwenyewe ni hivi. Dawati la mbele likitazama dirisha, mwanga unamuumiza na ubao hauoni. Akae akilipa mgongo dirisha, aruhusiwe kuinuka kuusogelea ubao, na mwalimu atamke kila anachoandika. Herufi ziwe pointi 18 kwenda juu, wino mweusi ulioiva. Kukuza fotokopi iliyofifia ni kukuza ukungu. Kofia pana asivuliwe kwa kisingizio cha sare, jua la huku ziwani halina adabu.

Darasa la saba ndipo wengi hukwama. Karatasi ya maandishi makubwa huombwa wakati wa usajili, si wiki ya mtihani. Akisajiliwa bila kuonyeshwa kuwa ana uoni hafifu, Septemba anapewa karatasi ya kawaida na msimamizi hana la kufanya. Mwombeni mwalimu awaonyeshe taarifa za mtoto kabla hazijatumwa Baraza la Mitihani (NECTA).