Alaska hatuihesabu

Jumapili usiku, Houston.

Leo nimenunua karatasi kuukuu kwa dola 12 na bado sijajuta. Ni ramani ya barabara za Texas ya mwaka 1954, ya zile ambazo kampuni za mafuta zilikuwa zikigawa bure kwenye vituo vya petroli. Imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imetoboka. Austin, makao makuu ya jimbo, ni tundu.

Nimeitandaza mezani tangu jioni. Kinachonichekesha ni majirani. Texas ina rangi, ina mito, ina hadi vijiji ambavyo sidhani kama vilikuwa na duka. Oklahoma na New Mexico ni weupe mtupu, vijibarabara viwili vitatu basi. Nyuma imeandikwa kwamba hili ndilo jimbo kubwa kuliko yote Marekani. Ilikuwa kweli, mpaka Januari 1959 Alaska nayo ilipofanywa jimbo, maneno hayo yakachacha siku moja.

Nilimgusia hilo mzee aliyekuwa akiiuza. Akajibu bila hata kutabasamu: "Alaska hatuihesabu."

Nami nikamchokoza. Nikamwambia kwetu Tanzania ni kubwa kuliko Texas, kilomita za mraba kama 945,000 kwa 696,000. Akaiangalia simu yangu kwa muda mrefu, kisha akanipunguzia dola tatu.

Lakini watu wa Texas wana sababu zao. Walikuwa nchi kamili tangu 1836 hadi 1845, na rais wao, na bendera ya nyota moja ambayo jimbo linaipeperusha hadi leo. Mipaka waliyoidai ilipanda mpaka ndani ya Wyoming ya sasa, wakaja kuyaachia madai hayo mwaka 1850 kwa dola milioni 10. Na ukubwa wenyewe si porojo: ukiwa El Paso, San Diego kule California iko karibu nawe kuliko Houston, na Houston ni Texas hiyohiyo.

Halafu mimi nani hata nimcheke mtu kwa maringo? Mhaya wa Bukoba! Sisi ndio tunaoitwa nshomile, yaani wasomi wenye maringo, kila tufungueapo mdomo. Sebuleni kwa baba imetundikwa ramani ya Mkoa wa Ziwa Magharibi, jina lililoachwa baada ya vita na Idi Amin, mkoa ukaitwa Kagera. Mwaka 2012, Chato ilipohamishiwa mkoa mpya wa Geita, nilimshauri anunue ramani mpya. Alinitazama kana kwamba nimemwambia abadilishe ukoo.

"Hiyo mpya ni ya serikali," akasema. "Hii ni yangu."

Sikumwelewa siku ile. Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu.

Saa nne usiku huu nimempigia, Bukoba kukiwa kunapambazuka. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za migomba. Kisha nikamsimulia ramani yote, na yule mzee, na Alaska yake. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Sasa hao watu wa Texas," akauliza, "wana senene?"

Nikamwambia panzi wetu hao wa kuliwa hawana.

"Basi," akasema, akaanza kuulizia wajukuu.