Viti vya Mercedes ya baba

Tangu utotoni nilijua viti vya gari la baba ni vyeusi-vyeusi, rangi ya kahawa iliyokaangwa sana. Jumamosi nimeona rangi yake halisi: tende.

Ni Mercedes 230E ya 1984, ile ya umbo liitwalo W123. Kabla ya kugusa maji nilitaka kuhakikisha ni ngozi kweli, maana nyingi za umbo hili zilitoka kiwandani na MB-Tex, plastiki inayofanana na ngozi kiasi cha kumchanganya fundi. Nikaingiza mkono chini ya kiti, nikageuza ukingo. MB-Tex ina kitambaa kilichofumwa kwa nyuma. Hapa palikuwa na vinyweleo laini. Ngozi!

Mama alikuwa kibarazani. "Mwanangu, pakaza mafuta ya nazi, yatang'aa."

"Yatang'aa leo, mama. Kesho yatanasa vumbi la Tanga nzima."

Ngozi ya viti vya gari imepakwa rangi kiwandani na kufunikwa kwa tabaka jembamba la kuilinda. Mafuta ukiyapaka juu ya uchafu, unaufungia uchafu ndani. Kwa hiyo nikaanza na mashine ya kufyonza vumbi, hasa kwenye mishono, kwani mchanga ukikaa humo hukata uzi. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali, nikaipiga mpaka ikatoa povu. Nilitumia povu tu, kwa brashi laini ya viatu ambayo haijawahi kuguswa na kiwi, sehemu ya ukubwa wa kiganja kwa wakati mmoja, nikifuta papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu halafu kikavu. Jiki na sabuni ya unga nawasihi msizisogeze karibu kabisa.

Kitambaa kilitoka cheusi kama chai ya mkandaa. Pale baba alipokuwa akiegemeza bega, nilirudia mara nne. Mara ya tatu rangi ya tende ikaanza kuchungulia, nikaita nyumba nzima ije kuona.

Gari likalala chini ya mwembe, milango wazi, hadi alasiri. Juani ngozi hukakamaa, na huku pwani ukifunga milango viti vikiwa vibichi, kuvu haikawii. Krimu ya kutunzia ngozi ya viti nikapaka kidogo sana, nikasubiri dakika 20, nikafuta iliyobaki juu.

Nyufa za ubavu wa kulia wa kiti cha dereva, alipojisugua baba kila akiingia na kutoka, bado zipo. Krimu hulainisha, haizibi ufa. Pale panahitaji kujazwa na kupakwa rangi upya, na mshono umeachia mahali pawili. Masika yakiisha nitamwita fundi wa makochi. Rangi nitamwonyesha chini ya kiegemeo cha kichwa, ambako jua halikuwahi kufika.