Kumbe kulea mtoto wa mwenzako huku kunataka kibali

“Umesajiliwa?”

Ndivyo alivyoniuliza yule mama pale maktaba ya mtaa wetu, Jumanne asubuhi, katikati ya nyimbo za watoto. Binti yangu alikuwa kwenye mkeka anagonga vijiti. Mapajani nilikuwa nimempakata mtoto wa mwenzangu wa Tanga, ana miezi 18, usingizi umeshaanza kumchukua. Yule mama alitaka kujua kama wote ni wangu. Nikamjibu kwa fahari kwamba huyu mdogo ninamlea siku 3 kwa wiki mama yake akiwa kazini, naye ananipa pauni 25 kwa siku. Hapo ndipo likaja swali.

Mwanzoni sikumwelewa. Akanieleza kwa sauti ya chini na kwa adabu, lakini kila neno lilinichoma. Hapa England, ukimlea nyumbani kwako mtoto wa mtu mwingine aliye chini ya miaka 8, kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, na ukalipwa, lazima uwe umesajiliwa na Ofsted, chombo cha serikali kinachokagua shule na vituo vya malezi. Usiposajiliwa unaweza kupewa ilani ya kuacha, na ukiipuuza unapelekwa mahakamani. Scotland na Wales wana vyombo vyao na umri wao wa mtoto, lakini kusajiliwa ni lazima vile vile.

Nilitoka pale machozi yananilenga. Mimi niliyelea wadogo zangu watano Temeke nikiwa bado nasoma shule ya msingi! Mimi ambaye mama zetu walikuwa wakisema tu, “Mwanangu, niangalie huyu, naenda sokoni mara moja,” na hiyo mara moja inafika magharibi. Mtoto anakula kwa jirani, analala kwa jirani, na jirani akimchapa hakuna kesi. Leo mtu asiyenijua ananiuliza kibali cha kumbeba mtoto. Nilijiona kama mwizi.

Lakini niwaeleze jinsi tulivyofika hapo, maana hatukuanza kwa kutafuta biashara.

Mume wangu ni muuguzi, alikuja kwa viza ya kazi, nami nikaja kama mwenza. Nilipopata kazi ya usafi kwenye jengo la ofisi tukampeleka binti yetu nasari. Bili ya kwanza ikaja: pauni 1,180 kwa mwezi, siku 4 tu za wiki. Mshahara wangu mkononi ulikuwa pauni 1,480. Ondoa nauli ya basi, ondoa chakula cha mchana, kinachobaki hakinunui hata viatu vya mtoto vya msimu wa baridi. Mnajua dada wa kazi analipwa kiasi gani pale nyumbani, tena anapika, anafua na anafikisha mtoto shuleni. Sisemi kwamba ule mshahara ni wa haki, hilo lina siku yake. Nasema tu kwamba mtu anayetoka kwetu hana picha yoyote kichwani ya bili ya namna hii.

Ukiuliza wenzako kazini wanakwambia, “Si una saa 30 za bure?” Kweli zipo. Tangu Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi wanapata saa 30 kwa wiki kuanzia mtoto anapofikisha miezi 9. Hizo saa zimehesabiwa kwa wiki 38 za mwaka, siyo wiki zote 52, kwa hiyo likizo za shule unajilipia mwenyewe. Na sisi wa viza hatumo kabisa. Kwenye viza yetu yameandikwa maneno ambayo kila mhamiaji anayajua kwa moyo: hakuna fedha za umma, yaani misaada ya serikali si yetu. Ikiwa wazazi wote wawili wana maneno hayo, saa 30 hawazipati. Kodi tunakatwa kila mwezi kama wengine. Mume wangu anawageuza wazee wao vitandani usiku kucha, lakini mtoto wake akifika mlango wa nasari anaambiwa alipe bei kamili. Hili linaniuma, na sitaacha kulisema.

Afadhali kidogo ni kwamba mtoto akitimiza miaka 3, zile saa 15 za watoto wote anazipata hata kama wazazi wana viza kama yetu. Na familia zenye kipato kidogo sana zina mlango wao wa saa 15 kuanzia miaka 2, hata za viza, kwa masharti. Sisi kwa hesabu zao tuna kipato. Binti yetu ana miaka 2 na miezi 4. Nahesabu siku.

Basi nikaacha kazi. Yule dada wa Tanga naye alikuwa kwenye shida ile ile, tukaona tusaidiane. Ikaja pauni 25.

Wiki ile baada ya maktaba sikulala vizuri. Nilianza kusoma sheria nikitafuta pa kupinga, na pa kupinga pako. Kwa mfano, kama mimi ndiye ningekwenda nyumbani kwao kumlea yule mtoto, ningekuwa yaya tu, na kusajiliwa kusingekuwa lazima. Mtoto yule yule, mikono ile ile, kilichobadilika ni nyumba. Bibi, shangazi, mjomba, kaka na dada wa damu hawahitaji kibali. Shangazi wa kwetu wa kuitana, huyo sheria haimjui. Na mwaka 2009 askari polisi wawili wanawake, marafiki, waliambiwa na Ofsted waache kupokezana kulea watoto wao, kwa sababu ule msaada wa kubadilishana ulihesabiwa kuwa ni malipo. Watu walikasirika nchi nzima, na baadaye marafiki wanaopokezana bila kupeana pesa wakaruhusiwa. Kwa hiyo hata wenyewe wenye nchi sheria hii imewahi kuwachoma.

Nilikuwa nimeshaandika kichwani maneno ya kumjibu yule mama nikimwona tena. Kisha nikamkumbuka mtoto wa dada yangu.

Dada yangu anauza chakula Tandika, anatoka alfajiri. Mwanawe wa kwanza alikuwa anamwacha kwa mama mmoja wa mtaa wa pili, elfu moja kwa siku, na uji anapeleka mwenyewe. Ni nyumba ya kawaida, ua mmoja, na watoto wakishaachwa yule mama anakwenda gengeni kwake anamwachia kazi binti wa kazi, msichana wa miaka 14 au 15. Siku moja mtoto akakuta chupa ya soda chini ya meza, akanywa. Yalikuwa mafuta ya taa. Alikaa hospitali siku 6, kifua kinamkoroma, na dada yangu amekaa sakafuni pembeni ya kitanda. Mungu ni mkubwa, mtoto alipona, sasa yuko darasa la nne.

Kilichonirudia usiku ule si mafuta ya taa. Ni kwamba Jumatatu iliyofuata ile nyumba ilifunguliwa kama kawaida. Hakuna aliyekuja kuuliza, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba pale panalelewa watoto. Serikali ya mtaa haikuwa na orodha. Yule binti naye hakuna aliyemfundisha kitu, na lawama zote zikamwangukia yeye, mtoto mwenziwe.

Sheria kwetu tunayo, tusijidanganye. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kiwe na leseni na kikaguliwe na ustawi wa jamii. Desemba 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya miaka mitano, na nilifurahi kuisikia. Ila ni nani kati yetu aliyewahi kumwona afisa ustawi anabisha hodi kwenye nyumba ya elfu moja kwa siku? Wanaokaguliwa ni wale wenye kibao barabarani na basi la njano. Mtoto wa mama ntilie hayumo kwenye hesabu.

Huku wanahesabu mpaka unachoka. Nasari, mtu mzima 1 kwa watoto 3 wa chini ya miaka 2. Mtu mzima 1 kwa watoto 5 wa miaka 2, na hiyo walilegeza Septemba 2023, zamani walikuwa 4. Wa miaka 2 kila mmoja apate mita za mraba 2.5 za sakafu. Mlezi wa nyumbani, kwa kawaida, hazidishi watoto 6 wa chini ya miaka 8, na kati yao wa chini ya miaka 5 wasizidi 3, na wake mwenyewe anahesabiwa humo. Mtoto akiwa anakula, lazima chumbani awepo mwenye cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto. Ripoti ya ukaguzi inawekwa mtandaoni, unaisoma ukiwa kitandani kwako kabla hujampeleka mtoto. Na upande wa mipango, sheria ya mwaka 2006 inaidai kila halmashauri ihakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba nafasi za malezi zinawatosha wazazi wanaofanya kazi. Kwa hiyo kuna mtu ofisini ambaye kazi yake ni kujua kata fulani ina watoto wangapi na nafasi ngapi.

Huyo mtu nimezungumza naye. Nilipiga simu halmashauri nikitetemeka, nikijua nitatajiwa faini. Niliyempata akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nimeshaacha kupokea pesa, nikamwambia tangu siku ile ile. Akasema, “Vizuri. Kata yenu ina upungufu wa walezi wa nyumbani. Ungependa kusajiliwa?” Nilinyamaza muda, akadhani simu imekatika.

Na yule mama wa maktaba? Kumbe yeye ni mlezi aliyesajiliwa, miaka 22 sasa. Jumanne iliyofuata alikuja na faili lake zima: sera zake, fomu za ajali, mpaka karatasi ya kuandika mtoto kalala saa ngapi. Akakaa na mimi kwenye vile viti vidogo vya watoto tukajaza fomu ya kwanza. Sikutegemea. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa niliyameza, nikamwombea kheri.

Sasa niko katikati ya safari. Kozi ya huduma ya kwanza, saa 12, nimemaliza. Nimejifunza mtoto anayepaliwa anapigwa wapi mgongoni, na siku nzima nilikuwa namfikiria mtoto wa dada. Ukaguzi wa rekodi za polisi unamhusu kila mtu wa nyumbani mwenye miaka 16 na kuendelea, kwa hiyo mume wangu naye kachunguzwa. Kwa kuwa hatujafikisha miaka mitano huku, tunatakiwa na cheti cha polisi cha kutoka nyumbani, na hicho ndicho kimekwama Dar. Kikifika, mkaguzi atakuja kuiona nyumba. Kabati la sabuni nimeshalifunga na komeo.

Ninyi mnaopanga kuja, naomba mnisikilize. Kama mna mtoto mdogo, msikubali ofa ya kazi kabla ya kuuliza bei ya nasari ya mji huo na kuitoa kwenye mshahara. Mkipata mimba huku, andikeni jina kwenye orodha ya kusubiri mapema, wengine wanaandika kabla ya kujifungua. Msimlete bibi kwa viza ya matembezi mkapanga awe yaya wa mwaka mzima. Mnaosikia habari za viza ya kazi ya kutunza wazee, jueni kwamba tangu Machi 2024 waliokuwa wakiajiriwa kwa viza hiyo walikatazwa kuja na watoto, na Julai 2025 kuajiri wapya kutoka nje kukafungwa. Anayewauzia nafasi hiyo leo anawaibia.

La mwisho linahusu kuwaleta watoto wa ndugu, tabia yetu nzuri tuliyoirithi. Ukikaa na mtoto wa chini ya miaka 16 ambaye si wa ndugu wa karibu kwa siku 28 au zaidi, halmashauri inatakiwa ijulishwe. Someni habari za Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast aliyeletwa Ulaya na shangazi wa baba yake akaahidiwa elimu. Alikufa London Februari 2000 kwa mateso, ana miaka 8, na ofisi kadhaa zilikuwa zimemwona zikampita. Baadhi ya sheria hizi zinazotusumbua zilikazwa baada yake. Nilipomsoma niliacha kulalamika kwa wiki nzima.

Mtoto wa Tanga sasa yuko kwa mlezi mwingine, mabasi mawili kutoka kwao, mpaka kibali changu kitoke. Mama yake ananiuliza kila siku kama cheti kimefika.

Juzi nimempigia dada yangu kumsukuma anifuatilie polisi. Katikati ya mazungumzo nikamuuliza kitindamimba wake anamwacha wapi siku hizi. Akasema kwa mama mwingine, Azimio, mama mzuri, msafi. Nikamuuliza wako watoto wangapi pale. Akasema hajui, hajawahi kuhesabu, maana anafika kabla hapajapambazuka. Nikamwomba siku akichelewa kidogo ahesabu.

Leo asubuhi kanitumia sauti. Nyuma yake nasikia bodaboda na mtoto analia.

“Kumi na saba, dada. Na binti mmoja.”